Kopo la Pini la Mwalimu Moza

Kama kuna kazi ya lawama katika skuli, basi ni ya michezo. Mwalimu wa hesabu akifelisha darasa zima, wazee watasema watoto wa siku hizi hawana akili. Lakini mtoto akikwaruzika goti uwanjani, mwalimu wa michezo ataulizwa alikuwa akiangalia wapi. Moza Duni aliijua habari hiyo tangu ujana wake, alipopangiwa skuli moja ya msingi huko Wawi, Pemba, na kukuta wenzake wamekwisha kugawana vipindi, kimebaki cha michezo peke yake, mfano wa ukoko chini ya chungu. Akapewa yeye, kwa kuwa alikuwa mgeni, na mgeni hachagui. Sasa amevuka hamsini, magoti yanamlia akiinuka kwenye mswala, na filimbi ingali shingoni.

Wala msidhani aliupenda mpira. Hata kuutazama kwenye televisheni hataki. Babake alikuwa mchukuzi bandarini Wesha, akibeba magunia tangu asubuhi, na mgongo wake ulikwisha kabla ya umri wake. Moza alikua akimkanda mafuta ya nazi kila jioni, akajua mapema kwamba mwili haununuliwi dukani. Alichokitaka katika kazi yake ni kimoja tu: watoto warudi kwao kama walivyokuja. Miaka yote hiyo aliomba jambo hilo dogo, na kila mwaka likamchosha zaidi.

Ndipo lilipokuja kopo. Wasichana wa netiboli huja na mitandio iliyobanwa kwa pini, moja chini ya kidevu, moja begani, nyengine hata mwenyewe hajui iko wapi. Zamani kidogo msichana mmoja, Shamima, alirukia mpira akagongana na mwenzake, pini ya mwenzake ikamchana chini ya jicho. Jicho lilipona, alhamdulillahi, lakini Moza hakulala usiku ule. Kesho yake alitoka nyumbani na kopo tupu la maziwa ya unga. Tangu siku hiyo hapana anayegusa mpira mpaka atie pini zake koponi na mtandio aufunge fundo nyuma ya shingo. Kisha hupanga mstari, na Mwalimu Moza husema, "Mikono juu." Asiyeweza kunyanyua yote miwili, au anayekunja uso, hukaa kando. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yake, haikuandikwa popote, na watoto waliijua kama wanavyoijua alhamdu.

Siku ya ajali alifanya vilevile. Hija wa darasa la sita, binti mrefu, mfungaji wa kutegemewa, alitia pini zake koponi na kunyanyua mikono yote miwili. Moza alimwangalia usoni akaona ameuma meno. Akamuuliza, "Hija, una nini?" Mtoto akasema hana kitu. Akamuuliza tena, mtoto akacheka. Basi wakacheza. Mpira wa tatu au wa nne Hija aliruka, akaudaka, akaanguka juu ya mkono wake wa kulia, na uwanja mzima ukasikia mlio ambao hauna haja ya kuelezwa. Moza alikuwa wa kwanza kufika, na magoti yake hayo hayo.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Abdulsamad, aliwapeleka mjini Chake kwa gari yake. Hospitali walikaa kwenye benchi wakisubiri picha, mkono umefungwa kwa kanga na kipande cha ubao, na mwalimu mkuu akatoka nje kumpigia simu baba wa mtoto. Walipobaki wawili Hija alimwegemea mwalimu wake, akaanza kulia kwa sauti ndogo.

"Mwalimu, si leo. Nkono unauma tangu jana."

"Umefanya nini jana?"

"Nilikuwa juu ya nkarafuu. Nilikatikiwa na tawi." Akapangusa pua kwa mtandio. "Baba kasema nisiseme. Kasema watu watamcheka, ntoto nke kapandishwa nti. Usimwambie ntu, Mwalimu. Nakuomba."

Moza alifumba macho. Msimu wa karafuu ulikuwa umepamba moto, mikarafuu imezaa mwaka ule mpaka matawi yanainama, na wachumaji hawatoshi. Mbarouk, babake Hija, alikuwa na miti yake kule juu, na mwanawe wa kiume amehamia Unguja. Wanaume na vijana ndio wanaopanda. Wanawake huchuma ya matawi ya chini na kuchambua nyumbani. Kumpandisha binti kwenye kilele, nguo zinapepea na wapita njia wako chini, ni jambo ambalo mwanamme wa Wawi hawezi kulisema barazani akabaki na uso. Na tawi la mkarafuu halina hodi, likitaka kukatika hukatika. Moza aliyajua yote hayo. Alichosema ni, "Haya, mwanangu. Sisemi."

Akamaliza hapo. Mara ngapi mtu husema neno jepesi namna hiyo akalibeba kama tofali.

Mbarouk alifika kwa bodaboda, kofia imekwenda upande, mtu aliyeshtuka kweli. Alimbusu mtoto kichwani. Kisha akamgeukia Moza na mbele ya wauguzi akasema, "Mwalimu, hii michezo yenu hii." Moza alimtazama. Mbarouk akainamisha macho, akaanza kuuliza habari za dawa.

Basi maneno yakaenea. Hadi sala ya Ijumaa ikitoka, Wawi nzima ilikuwa inajua kwamba Mwalimu Moza kamvunja mtoto wa watu mkono. Wengine walisema mikono yote miwili. Mzee Nyange, mwenyekiti wa kamati ya skuli, aliitisha mkutano wa wazazi kuzungumza usalama wa watoto katika michezo. Kwa haki yake, Mzee Nyange si mtu mbaya. Ila tangu msimu uanze alikuwa ameshauliza mara kadhaa kama ule uwanja, ulio wazi namna ile, unapigwa na jua kutwa, hauwezi kusaidia watu kuanikia karafuu zao. Kila alipouliza Moza alimjibu kwamba wasichana wana mashindano ya wilaya. Sasa mkono umevunjika, na jua liko palepale.

Jioni ya kuamkia mkutano, baada ya sala ya alasiri, Mbarouk alipiga hodi uani kwa Moza. Amebeba mkungu wa ndizi. Aliuweka chini bila ya kusema ni wa nini, akakaa kwenye kibao.

"Mwalimu, nimekuja kukuomba stara."

"Hija kakwambia kwamba najua?"

"Kanambia." Alikuwa akizungusha kofia mikononi. "Mimi si ntu mbaya, Bi Moza. Karafuu zinachanua. Zikichanua zimekwisha, hazina tena thamani. Wachumaji nimewatafuta mpaka Chake sikuwapata. Ntoto ni mwepesi, anafika pahala ambapo mimi sifiki. Nikasema siku mbili tatu tu. Sasa wakijua watu, mimi n'takaa baraza gani?"

Moza alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka tangu hospitali, na kabla ya hospitali, na labda kabla Mbarouk hajaoa. Alijua analoweza kulisema. Angesema tu, "Kesho simama useme ukweli, la sivyo nitausema mimi," na netiboli yake ingepona, na Mzee Nyange angekwenda kuanika karafuu zake kwenye paa la nyumba yake. Neno lilikuwa limekwisha kumfika mdomoni. Lakini kabla halijatoka likaja jengine.

"Na sasa hivi anapanda nani?"

Mbarouk akarudi kuizungusha kofia yake.

"Mbarouk. Hija ana plasta. Karafuu zinachanua. Anapanda nani?"

"Ummi," akasema.

Ummi ni mdogo wake Hija, wa darasa la tatu. Mtoto ana mikono kama vijiti vya ufagio. Moza alihisi hasira, na juu yake uchovu ule ule.

"Nisikilize basi," akasema. "Mimi sitasema kitu. Kesho hata waninange vipi, sisemi. Lakini Ummi anashuka. Leo hii. Hapandi tena mpaka msimu umalizike."

"Na karafuu?"

"Panda mwenyewe."

Mbarouk alicheka kidogo, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Alikuwa mtu wa kitambi, na mguu mmoja una ganzi. Alimfuata kwa macho jogoo wa jirani akipita uani akidonoa, mpaka akatoka. "Wallahi namshusha," akasema, na akaondoka akiziacha ndizi. Moza alizitazama ndizi zile kwa muda, akawaza, nimeuza netiboli yangu kwa mkungu huu. Halafu akajirekebisha, maana ndizi hazikuwemo katika mapatano.

Mkutano ulifanyika darasani, wazazi wakabanana kwenye madeski ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mzee Nyange alifungua kwa dua, akasema skuli ni pahala pa kusoma, na kwamba hapana mzazi aliyezaa mtoto ili aje kuvunjwa. Mwalimu Abdulsamad alisema michezo imo katika ratiba na kinachohitajika ni kanuni nzuri. Basi wakaingia katika kanuni.

Mmoja akasema watoto wote wavae viatu. Mwengine akamuuliza, viatu vya nani? Mwanawe anavyo vya skuli tu, na vikipasuka mpirani atakwenda darasani na malapa. Wa tatu akaeleza kwamba hatari ni kuchanganya: mwenye njumu akimkanyaga asiye na kiatu, kidole kimekwenda, basi ama wavae wote ama wavue wote. Hilo lilikuwa neno la maana, kwa hiyo halikuzungumzwa tena. Ikaja mvua, kwamba uwanja ukiwa na utelezi wasicheze. Likaja sanduku la dawa, na nani atalinunua, na nani atakaa na ufunguo. Kisha baba mmoja aliyevaa miwani akapendekeza wasichana waendelee na netiboli lakini wasiruke.

"Wasiruke?" aliuliza Bi Mardhiya, mama wa watoto wanne wanaosoma hapo. "Hiyo itakuwa netiboli au watu wanapokezana sahani za pilau?"

Watu walicheka, hata Moza. Bi Mardhiya hakucheka. Alisema yeye binti zake wakirudi kutoka mpirani hulala vizuri, hula vizuri na hawamjibu kwa utovu wa adabu, na mtoto asiyeanguka kabisa atajifunza wapi kuinuka? Kuvunjika kwa koleo, alisema, si mwisho wa uhunzi. Minong'ono ikapita ya kumkubali. Kwa dakika chache Moza alidhani mambo yatakwenda vizuri, na akashangaa jinsi moyo wake ulivyodunda.

Mzee Nyange akamgeukia. "Mwalimu Moza, tuambie kwa wema tu. Siku ile ulimkagua mtoto?"

"Nilimkagua."

"Alikuwa mzima?"

Nyuma kabisa, karibu na dirisha, Mbarouk alikuwa amekaa, na uso wake ulikuwa umepauka. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata siku ile walikuwa wawili.

"Nilimwambia anyanyue mikono," Moza akasema. "Akanyanyua."

"Kwa hiyo alikuja mzima, akavunjikia kwako."

"Alivunjikia uwanjani, ndiyo."

"Na baba wa mtoto yupo. Mbarouk, unasemaje?"

Mbarouk alisimama nusu, maana deski halikumruhusu kusimama wima. Alimtazama Moza. Moza naye alimtazama, na kama kuna mtu aliyewahi kuombwa kitu kwa macho, basi ni Mbarouk saa ile. Hakuwa ameahidi kusema, ni kweli. Lakini pia hapana aliyemkataza.

"Ajali ni kudra ya Mungu," alisema Mbarouk. "Mimi sina neno na Mwalimu." Akakaa.

Wakasifu watu uungwana wake. Ikapitishwa kwamba michezo isimame mpaka kanuni ziandikwe na sanduku la dawa lipatikane, na kwa kuwa uwanja utakaa bure, wanaoanika karafuu waruhusiwe. Mashindano ya wilaya hapana aliyeyataja. Bi Mardhiya alitoka kabla ya fatiha, na kwa Bi Mardhiya hiyo ilikuwa hotuba.

Nitasema jambo ambalo Moza mwenyewe hakumwambia mtu. Siku ile alilala usingizi mzito. Alifika nyumbani, akavua filimbi, akaitundika msumarini, akalala mpaka adhana ya alfajiri kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Asubuhi alipoamka alijionea haya. Kisha akaona ameshawahi kuona haya mara nyingi maishani kwa mambo mengine, na chai ikiwa tayari mtu hunywa.

Siku zilizofuata uwanja ulitandikwa majamvi, na harufu ya karafuu ikaingia hadi madarasani. Wasichana wa netiboli walikaa ukutani wakati wa mapumziko, wakitazama pete mbili zilizobaki juu ya nguzo zao katikati ya majamvi. Hija alikaa nao na plasta yake. Kila akimwona Mwalimu Moza aliangalia pengine. Moza hakumlaumu. Lililomkera ni jengine: darasa la tatu, kiti cha Ummi kilikuwa kitupu. Jana yake kilikuwa kitupu pia. Mwalimu wa darasa akamwambia msimu ndio huu, nusu ya watoto hawaji, kwani yeye ni mgeni Pemba?

Moza hakuwa mgeni. Ndiyo maana, kengele ilipolia, hakwenda nyumbani. Alishika njia ya mashamba, jua la utosi, mkoba begani, na kila hatua akimhesabia Mbarouk maneno atakayomwambia. Mwongo mkubwa. Mtu aliyeapa kwa Mungu uani kwa mtu. Safari hii atasema kila kitu, atasimama barazani kwao wanaume wakicheza bao, ataeleza mkono ulivunjikia wapi, na Hija atamsamehe akikua. Aliyapanga vizuri maneno yale, na kwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi hakusikia magoti.

Alipofika kwenye miti ya Mbarouk aliona ngazi imeegemezwa kwenye mkarafuu mkubwa, na matawi ya juu yanatikisika. Alisimama. Kisha akaona kile kilichokuwa juu.

Ni kitambi. Mbarouk alikuwa kwenye ngazi, kidato cha juu kabisa, mkono mmoja umekumbatia shina na mwengine umeshika upembo, anavuta tawi kwa ile ncha yake iliyopinda, na mguu wenye ganzi unatetemeka. Shati limelowa jasho lote. Pakacha lake lililofungwa kiunoni halikuwa na karafuu hata za kujaza kofia. Chini, kwenye matawi yanayofikiwa kwa mkono, Ummi alikuwa amesimama juu ya udongo mtupu, akichuma na kuimba polepole.

Mbarouk alimwona. Hakuweza kumwamkia vizuri, pumzi hazikumtosha. "Mwalimu," akasema tu, na ngazi ikateleza kidogo.

Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimtoka Moza kichwani. Angeweza kumwambia kwamba hiyo ndiyo hofu aliyokuwa akiitia kwenye miguu ya watoto. Angeweza kumuuliza kama sasa yuko tayari kusema mbele ya kamati. Aliona kwamba Mbarouk hatasema, hatakuja kusema, na kwamba ahadi aliyoitoa, ile moja tu, anaitimiza kwa roho yake. Waswahili husema aliye juu mngoje chini. Moza aliweka mkoba chini, akaenda akashika ngazi kwa mikono miwili, akakaza mguu wake kwenye kidato cha chini.

"Usivute tawi upande huo," alimwambia. "Chuma yale ya karibu. Yaliyobaki yachanue."

"Ndiyo, Mwalimu."

Walikaa hivyo. Juu majani yakichakarika, karafuu moja moja ikimwangukia Moza begani. Ummi alikuwa amewacha kuimba. Alikuja polepole mpaka mbele ya mwalimu wake, akamtazama alivyosimama, mguu mbele, macho juu, kama anavyosimama uwanjani. Kisha akapeleka mkono chini ya kidevu, akachomoa pini ya mtandio. Akachomoa na ya begani. Akaufunga mtandio fundo nyuma ya shingo, mwenyewe, kwa utaratibu, kama wanavyofanya wakubwa wa netiboli aliokuwa akiwatazama kila jioni akisubiri zamu ya umri wake. Akanyosha kiganja chenye pini mbili, na mkono mwengine akaunyanyua juu.

"Leo tunacheza, Mwalimu?"

Moza hakuwa na kopo. Kopo lilikuwa nyumbani, juu ya kabati. Aliachia mkono mmoja wa ngazi, akazichukua pini, akazifumbata kiganjani.

"Leo hapana, mwanangu," akasema. "Leo tunamsubiri babako ashuke."